Nilimrudishia Kesho Zake

Jumamosi, 5 Oktoba

Mvua ya kwanza. Robo saa tu, lakini ilitosha. Nilitoka bila mwavuli nikasimama juu ya tuta langu kutazama maji yanaelekea wapi. Yameelekea kwa Kayembe.

Daftari hili nilikuwa nimeliweka kwa ajili ya kuandaa masomo ya darasa la tano. Wanafunzi wangu watanisamehe. Naanza kuandika leo kwa sababu hasira ya kichwani hupoa, na hii sitaki ipoe.

Avenyu yetu inateremka kutoka barabara kubwa hadi bondeni, na maji yote ya sehemu hii ya Kamina yanapita hapa. Kwa miaka mingi yalikuwa yakigeukia kwetu, yakachimba korongo nyuma ya nyumba. Baba yangu, mzee Monga, mstaafu wa reli, alijua dawa yake: mfereji mmoja ulionyooka mpaka bondeni, uchimbwe na watu wote wa avenyu kwa salongo, Jumamosi mbili tatu za kazi ya pamoja. Anayeita salongo ni shefu wa avenyu. Shefu wa avenyu ni Gaston Kayembe, seremala, jirani yetu wa ng'ambo. Baba alimwendea miaka mitatu. Kila mara alirudi akakaa mbele ya bukari, ugali wake wa jioni, akanisimulia kisingizio kipya, huku anacheka. Baba alikuwa mtu wa kucheka. Mimi sikucheka, lakini vyote nilivishika kama mtoto anavyoshika katekisimu.

Tarehe nne Machi ukingo wa korongo ulimeguka baba akiwa juu yake, anafungua mbuzi. Mimi nilikuwa shuleni. Aliishi siku tatu. Kayembe alikuja matangani na jeneza alilolichonga mwenyewe, zuri, limepigwa msasa hadi linateleza. Alilimaliza kwa siku moja. Jeneza halikungoja kesho.

Kiangazi nilijaza magunia mchanga, nikajenga tuta kwenye mdomo wa lupango yetu, kiwanja cha nyumba. Sasa maji yanakwenda kwake. Korongo jipya limeshaanza nyuma ya jiko lake. Nimelipima kwa macho kutoka kwenye uzio: hatua ishirini na sita kabla halijafika jikoni.

Atakuja. Nitamngoja.


Jumatatu, 14 Oktoba

Amekuja. Alivua kofia mlangoni.

"Bonjour, mwalimu. Minakuya juu ya mambo ya mufereji."

"Mufereji gani, shef?"

"Ule papa Monga alikuwa anasema. Alikuwa na haki. Nitaita salongo, bantu beko tayari. Lakini kusudi iende droit, bila kupinda, inapashwa kupita mu lupango yako, metre mbili tu, pembeni ya uzio. Kwangu kuko ukuta wa nyumba. Inaomba utie signature hapa."

Karatasi alikuwa ameshaiandika. Niliipokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Moyo ulinidunda kama wa msichana anayechumbiwa.

"Shef, hii papier iko bila muhuri ya commune. Tungojee muhuri kwanza. Bila muhuri, kesho bantu batasema nini?"

Hicho ndicho kisingizio alichompa baba mwanzo kabisa, neno kwa neno. Nilimtazama usoni nione kama amekitambua. Alijikuna shingo.

"Njo vile," akasema, akakubali. "Kesho nitaenda ku commune."

Alipotoka nilikaa nikacheka peke yangu, kwa mara ya kwanza tangu Machi. Nimeamua. Sitamtukana, sitamloga, sitampeleka kwa mtu. Nitamrudishia kesho zake, moja baada ya nyingine, jinsi alivyompa baba.


Jumanne, 15 Oktoba

Hakwenda ofisi ya commune. Nimemwona anachonga kitanda.


Jumamosi, 26 Oktoba

Muhuri umepatikana. Nikampa cha pili: ndugu. "Hii lupango ni ya siye babili na Lumbala, na Lumbala iko Lubumbashi. Siwezi kuamua paka minyi, peke yangu." Lumbala ni kaka yangu. Tunaongea kwa simu kila Jumapili. Sikumwambia kitu.

Hatua ishirini na mbili.


Jumamosi, 2 Novemba

Siku ya marehemu. Watu wamekwenda makaburini na majembe yao kusafisha. Mimi nilikuwa na karatasi za wanafunzi za kusahihisha. Nitakwenda wiki ijayo, jua likipungua.


Jumatano, 13 Novemba

Mvua kubwa mchana kutwa. Kumi na nane.


Ijumaa, 22 Novemba

Kayembe amempigia Lumbala mwenyewe, na Lumbala amekubali bila kuniuliza. Wanaume. Basi nikatoa cha tatu.

"Shef, udongo iko tope sasa. Mukichimba, itabomoka yote. Tungojee ikauke kidogo."

Baba aliambiwa hilo kila masika. Kila kiangazi aliambiwa kinyume chake: udongo mgumu, tungoje mvua iulainishe. Kayembe alinitazama muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Nikasema moyoni, sasa atanitolea maneno makali. Hakunitolea. Aliweka karatasi juu ya meza yangu.

"Itabakia hapa, mwalimu. Siku utaweza."

Wenzangu shuleni wanasema siku hizi nimenawiri.


Jumamosi, 30 Novemba

Nilikwenda kununua sabuni kwa papa Alfani, mwenye duka la kona. Wazee wake walifika huku kutoka Maniema na bidhaa zao, na yeye bado anaongea taratibu kama mtu anayepima kitambaa. Akaniambia ana magunia matupu mia mbili, anayatoa bure kwa ajili ya mfereji.

"Mutaanza siku gani, mwanangu?"

"Karibuni, papa. Mvua njo inatukataza."

"Mvua." Alilirudia neno hilo tu, akafunga sabuni kwenye gazeti. Kisha akauliza, "Ile siku ya papa yako, unayua ni nani alishuka mule mu shimo?"

"Vijana wa avenyu."

"Vijana balikuya nyuma. Nathalie njo alishuka wa kwanza, na mimba ya miezi mitano. Aliweka kichwa ya mzee juu ya mapaja yake, na udongo ingali inaanguka. Haukuyua?"

Nathalie ni mke wa Kayembe. Sikujua. Hakuna aliyeniambia, na matangani mimi sikuwa nauliza kitu, nilikuwa nalitazama jeneza.

Nimeliandika. Leo sitalifikiria.


Jumatatu, 9 Desemba

Kumi na moja. Mti wa mpapai wa Kayembe umeingia korongoni na mapapai yake.


Jumanne, 24 Desemba

Tangu asubuhi avenyu ilikuwa inanukia sombe, majani ya muhogo, na samaki wa ziwa Kisale. Kwenye saa nane Nathalie alivuka kuja kwangu, mtoto mgongoni, sahani mkononi imefunikwa kwa kitambaa. Ana miaka ishirini na saba labda. Ananiita yaya, dada mkubwa, tangu siku aliyoletwa hapa kutoka Kabondo-Dianda kuolewa. Alikataa kukaa.

"Yaya Léonie, chakula ya Noeli hii. Na niko na neno moja."

"Sema."

"Jiko imebakia hatua munane. Minapika na ninasikia udongo inaanguka nyuma yangu. Gaston anasema utatia signature. Mi ninasema hautatia." Mtoto alikohoa, akamtikisa kidogo. "Kama unakataa, sema hapana. Ukisema hapana, tutahama, tutaenda kwetu. Sitakukasirikia. Lakini usituambie kesho."

Sijawahi kuombwa kitu kilicho rahisi hivyo. Neno moja, ama lingine. Nilimtazama magoti, nikaona kichwa cha baba juu yake.

"Kisha bonane, mwaka mupya," nikasema. "Sikukuu zikipita, tutaongea."

Kisingizio cha nne. Hicho baba alipewa Desemba mbili mfululizo.

Nathalie aliweka sahani juu ya meza, juu ya karatasi ya mumewe, akaondoka. Chakula kilikuwa kizuri. Nilikila chote, nikakichukia.


Jumatano, 1 Januari

Bonane. Watu wamevaa mapya. Mvua.


Jumamosi, 11 Januari

Leo nimetafuta furaha ya Oktoba sikuipata. Natoka, nahesabu, narudi. Hatua sita. Zamani kila hatua iliyopungua ilikuwa kama bao. Sasa ni kama kuhesabu vidonge vya mgonjwa.

Nilijiambia asubuhi: mzee Monga angesema nini? Angecheka, angetia saini, angeomba toroli. Hilo ndilo linaloniuma. Nalipiza kisasi cha mtu ambaye hakukiomba.

Nitatia saini. Jumatatu.


Jumatatu, 13 Januari

Mkutano wa walimu uliendelea hadi saa tisa. Nilirudi nimechoka. Kesho.


Alhamisi, 16 Januari

Nilichukua karatasi, nikakaa mezani, kalamu nikaikosa. Nyumba ya mwalimu haina kalamu! Nikasema nitaazima kwa papa Alfani, kisha nikaona mawingu, nikabaki.

Sasa nasoma nilichoandika. Kayembe hakuwahi kumwambia baba kwamba amekosa kalamu. Vyake vimekwisha, hiki ni changu. Nilidhani naucheza uvivu wake kama mtu anavyoigiza kilema, na sasa mguu umekataa kunyooka. Makaburini sijakwenda tangu Machi. Karatasi za wanafunzi zinalala wiki tatu. Siku ya marehemu niliahidi wiki ijayo. Ni wiki ya ngapi hii?

Hatua tano.


Jumamosi, 25 Januari

Karatasi nimeitia kwenye mkoba wa shule, nikampe Jumatatu nikipita karakana yake.

Jumapili haijafika na tayari najua kwamba sitapita.


Jumatano, 29 Januari

Mambo ya jana nayaandika leo, jana sikuweza kushika hata kijiko.

Jumatatu sikupita. Jumanne, saa tano za mchana, mbingu iliingia giza, ikafunguka. Nimezaliwa Kamina na sikumbuki mvua kama ile. Mkurugenzi wa shule aliwaruhusu watoto wa karibu. Mimi niliwaacha wangu kwa mwenzangu nikakimbia. Sikujiuliza nakimbilia nini. Viatu vilibaki kwenye tope mbele ya duka la papa Alfani.

Avenyu ilikuwa mto mwekundu. Wote ulikuwa unagonga tuta langu, unageuka na kwenda kwa Kayembe, kama nilivyoupanga. Nilisikia watu wanapiga kelele nyuma ya nyumba yake. Nikapita hadi huko.

Jiko lilikuwa limeanguka nusu. Nathalie aliingia kutoa unga na masufuria, ukuta ukamlalia mguu. Alikuwa amekaa ndani ya maji hadi kiunoni, mikono yake imeshika nguzo ya mlango. Mtoto alikuwa kwa jirani, ashukuriwe Mungu. Wanaume wanne walikuwa wanavuta ule ukuta, na kila wakivuta, maji yanazoa udongo chini yao, na kipande kizima, pamoja na nguzo na Nathalie, kinasogea kuelekea korongoni. Papa Alfani, mzee wa miaka sabini, alikuwa amemshika kwapani, anasema kwa sauti yake ileile ya taratibu, "Usiachilie, mwanangu. Usiachilie."

"Mugeuze maji!" mmoja alipiga kelele. "Maji kwanza!"

"Wapi? Tutaigeuza wapi?"

Mimi nilijua wapi.

Nilichukua jembe la mtu nikarudi mbio kwenye tuta langu. Magunia niliyojaza kwa mikono yangu kiangazi chote, nikiimba, namwaza Kayembe. Nililikata la kwanza, mchanga ukamwagika. La pili. La tatu halikukatika, nikalivuta kwa meno ya jembe hadi nikaanguka nalo. Maji yalisita, kisha yakapita juu yangu. Yaliingia lupango yetu kama ng'ombe waliofunguliwa. Yalichukua mahindi yangu yaliyokuwa yanakaribia kuchomwa, yakachukua banda la mbuzi, yakaifikia nyumba. Chumba cha baba kilikuwa bado kimesimama, kuta tatu na mabati. Kitanda chake kilikuwamo, na koti lake la reli msumarini. Nilisimama nikakitazama kinakwenda. Hakikufanya kelele nyingi.

Kwa Kayembe maji yalipungua hadi vifundoni. Nilisikia wanaume wanahesabu, "Moja, mbili!" halafu sauti ya Nathalie, ambayo sitaiandika.

Kayembe alifika na pikipiki kutoka karakana yake, amelowa, vumbi la mbao limegandia nguo. Alimwona mkewe amelazwa juu ya mlango uliong'olewa, mguu umepinda mahali mguu usipopinda. Kisha akageuka akaona tuta langu limepasuka, na mimi nimesimama na jembe, na nyuma yangu nyumba iliyobaki na uwazi ubavuni. 


Alhamisi, 30 Januari

Hospitali. Mguu umevunjika mahali pawili, lakini atatembea. Nilimkuta amekaa kitandani, plasta hadi pajani, ananyonyesha.

"Yaya. Balisema chumba ya papa imeenda."

"Imeenda."

"Wafwako," akasema. Asante, kwa Kiluba, kama tunavyowaambia watu wa kwetu. Nilitaka kumwambia asinishukuru. Kisha akauliza, "Ulitia signature?"

"Bado."

Hakukasirika. Alinyoosha mkono kwa muuguzi, akaomba kalamu, akanipa.

"Iko wapi papier?"

Ilikuwa mkobani, imelowa na kukauka.

"Tia hapa. Sasa. Minaangalia."

Hapakuwa na meza. Niliilaza juu ya plasta ya mguu wake, nikaandika jina langu. Sekunde tatu. Miezi mitatu na nusu, kwa kazi ya sekunde tatu.

Nilipotoka hapo nilikwenda makaburini bila kupita nyumbani. Majani yalikuwa yamenifika kiunoni. Niling'oa kwa mikono.


Jumamosi, 1 Februari

Kayembe alikuwa uani anakusanya mabati ya jiko. Nikamwambia nikiwa nimesimama, kabla sijapata sababu ya kukaa.

"Shef, nilikuchelewesha makusudi."

"Minayua."

"Tangu lini?"

"Tangu ile ya tope." Hakuinua uso. "Ilikuwa maneno yangu. Hata sauti ilikuwa yangu."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema nini, mwalimu? Nikisema, haya ni maneno nilimwambia mzee, inakuwa njo nimekubali nilimuua."

Mabati yalilia mikononi mwake. Nikamwuliza kile nilichobeba tangu Machi.

"Nipe sababu ya kweli. Ile miaka tatu. Ulikuwa unamuchukia baba?"

Aliinua uso, ameshangaa kweli kweli. "Kumuchukia? Mzee Monga? Nilimupenda, mwalimu. Hakukuwa sababu. Asubuhi ninaamuka, ninasema leo. Saa sita ninasema kesho. Mvua ilikuwa inaonekana mbali. Njo vile tu."

Njo vile tu. Miezi kumi na moja nimemtafutia uovu unaotosha kifo cha baba, na alichokuwa nacho ni uvivu. Ningependa awe adui. Adui ningejua pa kumpiga. Mwenye nia mbaya katika avenyu hii alikuwa mmoja, na alifundisha darasa la tano.

Nilimwambia na hilo. Kwamba yeye alichelewa kwa kulala, mimi nilichelewa macho wazi, nikihesabu hatua za mkewe. Alisikiliza hadi mwisho.

"Nathalie anayua?" akauliza.

"Bado."

"Umuambie weye. Si minyi."

Nilikwenda mchana huohuo. Alilia, akageukia ukutani, akaniambia niondoke. Nimeondoka. Kesho nitarudi, na naandika neno hilo nikijua uzito wake.


Jumapili, 2 Februari

Nilirudi. Hakuongea nami. Nilifua nguo za mtoto.


Jumatano, 5 Februari

Ameniambia sabuni naitumia vibaya. Ndilo neno la kwanza.


Jumamosi, 8 Februari

Salongo. Nilidhani watakuja kumi, wamekuja zaidi ya arobaini, hata mama wawili wa familia za wanajeshi wa Base, kambi ya jeshi, waliopanga nyumba huku juu. Magunia ya papa Alfani yalijazwa yote kabla ya saa nne. Mfereji unaanzia barabara kubwa, unashuka pembeni ya uzio wangu, na si metre mbili tena. Nimewaambia wachukue nne. Mahali pa chumba cha baba patakuwa ukingo wake.

Saa tano mawingu yakaja. Matone ya kwanza yalipoanguka niliona vichwa vinainuka, majembe yanawekwa begani. Mtu mmoja akasema, "Shef, tuendelee samedi prochain, Jumamosi iyayo?" Wote wakamtazama Kayembe. Nami nilimtazama. Nilikuwa ndani ya mfereji, tope magotini, na niseme ukweli, sehemu moja ya moyo wangu ilitaka akubali, ili nipate kumchukia vizuri.

Alitazama mawingu. Akafuta maji usoni.

"Hapana," akasema. "Leo."

Watatu waliondoka, wengine wakabaki. Tulichimba ndani ya mvua hadi saa tisa, na maji ya kwanza yakapita mferejini mbele ya macho yetu, machafu, yana haraka, hayakugeuka kwangu wala kwake.

Kuna saa tulijikuta sisi wawili tu mahali pembamba, mimi na jembe, yeye na toroli lililojaa udongo. Nikamwambia, "Shef, sijakusamehe."

"Minayua, mwalimu," akasema. "Vuta mukulu, brouette inapita."

Nikavuta mguu, akapita.